UZI: H. G. Wells, mtoto wa jiko la chini aliyewajua binadamu kuanzia kwenye soli

#1 Taa ya Chemli

Wakuu, salaam. Juzi kuna mdau alisema waandishi wa riwaya za kisayansi ni watu waliokaa wakitazama nyota mpaka wakapagawa. Nikacheka peke yangu, maana yule ninayemheshimu kuliko wote hakuanza na nyota. Alianza na viatu. Nikaahidi kufungua uzi, na ahadi ni deni. Ni mrefu na nitaushusha vipande vipande, mwenye haraka apite salama.

Herbert George Wells, mwandishi Mwingereza, nyumbani wakimwita Bertie, alizaliwa tarehe 21 Septemba 1866 katika mji wa Bromley, Kent, pembeni mwa London. Baba yake, Joseph, alikuwa mtunza bustani aliyegeuka mwenye duka. Duka lenyewe lilikuwa kichekesho: sahani, vikombe na mitungi upande mmoja, vifaa vya kriketi upande wa pili. Vitu vya kuvunjika na mipira ya kuvivunja, paa moja. Biashara ilikuwa mahututi miaka yote. Kilichokuwa kinaingiza senti za maana ni kriketi, kwa sababu mzee alikuwa mchezaji wa kulipwa, na si wa kubabaisha. Mwaka 1862, akiichezea Kent dhidi ya Sussex, aliwatoa wapigaji wanne kwa mipira minne mfululizo. Jina lake liko kwenye kumbukumbu za mchezo huo hadi leo, ila sifa haziliwi.

Sasa sikilizeni nyumba ilivyokaa. Duka lipo usawa wa barabara. Jiko, ambako mama na watoto walishinda, lipo chini ya ardhi. Dirisha la jiko halikuona barabara wala mbingu. Lilitazama juu kwenye wavu wa chuma uliotandikwa njiani wanakopita watu. Mtoto akiinua macho anaona soli. Soli nzima, soli iliyotoboka, kisigino kilicholika upande mmoja, kiatu cha mama mwenye nafasi, kiatu cha kibarua. Mwenye kiatu humwoni. Unamkisia.

Naomba mtu asione natia chumvi. Mwenyewe aliyarudia haya akiwa tayari ni tajiri na jina lake linajulikana dunia nzima. Mwaka 1907 alitoa kijitabu kizima kuhusu dhiki ya viatu vya watu maskini, na kinaanzia hapohapo kwenye lile dirisha. Huyo ni mtu wa miaka arobaini bado anasikia miguu juu ya kichwa chake.

Hoja yangu ya uzi huu ni hii: riwaya zake kubwa zote zimeandikwa kutoka chini ya ule wavu. Ukishaona hivyo, hutazisoma tena kama hadithi za mashine.

Naendelea baada ya kula.

#2 Mkokoteni

Siti ya mbele. Kahawa na kashata ninazo. Shusha nondo mkuu.

#3 Bint Kisiwani

Huyu ndiye yule wa mashine ya kusafiri kwenye wakati? Jamani mimi miaka yote nilijua ile ni filamu tu.

#4 Taa ya Chemli

Ndiye, dada. Kitabu kilitoka 1895, filamu zimekuja baadaye sana. Tutafika huko, kwanza nimalize miguu.

Nasema miguu kwa sababu nyumba ile ilikuwa na mkosi wa miguu. Mwaka 1874, Bertie akiwa na miaka saba, kijana mmoja mkubwa, mtoto wa mwenye baa ya jirani, alimrusha juu kwa utani kwenye uwanja wa kriketi. Kumdaka kukamshinda. Mtoto akaangukia kigingi cha hema na muundi ukavunjika. Akalazwa sebuleni wiki nyingi. Baba akawa anamletea vitabu vya kuazima kutoka maktaba ya mjini, karibu kimoja kila siku, na hata mama wa yule mkosaji akawa anatuma vitamu na vitabu kwa kuona haya. Mtoto wa muuza vyombo, ambaye kwa kawaida angekuwa anafukuzana na wenzake mitaani, akajikuta anasoma kuhusu nchi za mbali, wanyama na nyota. Uzeeni, katika tawasifu yake ya 1934, aliutaja mguu ule kama moja ya bahati kubwa za maisha yake.

Kimojawapo cha vitabu vile kilikuwa cha historia ya wanyama chenye picha ya sokwe mkubwa. Picha ile ilimtia hofu isiyoelezeka, akawa anahisi mnyama anamfuata gizani nyumba nzima. Mwaka 1896 huyuhuyu akaandika kuhusu Daktari Moreau kisiwani, anayewakata wanyama wakiwa hai ili kuwafanya watu. Mimi siamini kwamba kila jambo la utotoni lina jibu lake kitabuni, lakini hofu ile ya kitu kilicho nusu mtu nusu mnyama haikuanzia maabara. Ilianzia ngazini, usiku, na mshumaa mkononi.

Mama yake, Sarah, alikuwa mcha Mungu wa kweli, na moto wa jehanamu ulitajwa pale nyumbani kama sisi tunavyotaja bei ya sukari. Usiku mmoja mtoto akaota Mungu mwenyewe akimzungusha mwenye dhambi kwenye gurudumu juu ya moto, kama mtu anayechoma mishikaki. Aliamka imani imemtoka, na hakuirudia ile ya mama yake. Weka hilo akilini, kwa sababu ndani ya vitabu vyake anga ni baridi na halimjali mtu.

Mguu wa pili ni wa baba. Mwaka 1877 Joseph alipanda juu kupogoa mzabibu nyuma ya nyumba, akaanguka, mguu ukavunjika. Kriketi ikaishia hapo, na pesa zake. Mguu wa mtoto uliingiza vitabu ndani, wa baba ukaingiza njaa. Kufikia 1880 mama akarudi kazi yake ya zamani ya utumishi kwenye jumba la mabwana linaloitwa Uppark, Sussex, safari hii akiwa msimamizi wa watumishi wote. Baba akabaki na duka lake la kufa. Na Bertie, miaka kumi na tatu, akapelekwa kujifunza kuuza vitambaa.

#5 Fundi Cherehani

Hapo kwenye vitambaa umenigusa. Mimi kabla ya cherehani nilikuwa kijana wa dukani, duka la majora, sitalitaja. Unafungua asubuhi, unakunjua, unakunja, mteja anashika majora ishirini halafu anasema "ngoja nizunguke nitarudi". Haji. Unakunja tena. Jioni mwenye mali anapima kwa macho kama jora limepungua. Endelea ndugu yangu, nataka kuona kama jamaa alipitia haya.

#6 Taa ya Chemli

Fundi, alipitia hayo hayo na mengine.

Duka la kwanza lilikuwa Windsor. Wakamweka kwenye sanduku la pesa. Kijana akawa anasoma vitabu mezani, hesabu za jioni hazikai, na baada ya muda mfupi wakamrudisha kwao. Akajaribiwa ualimu msaidizi shule ya kijijini, ikavunjika. Akawekwa kwa mwuza dawa wa Midhurst, mwezi mmoja hivi. Pale ndipo alipoanza Kilatini, maana mwuza dawa hana budi kukijua, na alikishika haraka kiasi kwamba mwalimu mkuu wa mji akamweka akilini. Ila pesa ya kumsomea kazi ile mama hakuwa nayo.

Basi 1881 akaingia duka kubwa la vitambaa Southsea, karibu na bandari ya Portsmouth, kwa mkataba wa uanagenzi wa miaka minne. Mama alikuwa amelipia. Siku ya kazi ilikuwa saa kumi na tatu hivi. Unalala bweni la duka pamoja na wenzako, unakula chakula cha duka, unavaa anavyotaka mwenye duka. Kufagia, kufuta vumbi, kubeba marobota, kukunja pamba na kitani na lesi, kusimama. Kosa kubwa lilikuwa kuonekana huna la kufanya. Hata kama kazi imekwisha, sharti uonekane una kazi.

Miaka miwili ikamtosha. Jumapili moja ya mwaka 1883 aliamka alfajiri, hakula kitu, akatembea maili 17, yaani kama kilomita 27, hadi Uppark. Akamkuta mama yake njiani anapandisha kilima na watumishi wenzake wakitoka kanisani. Akamwambia: harudi dukani. Alikuwa tayari ameshamwambia kwamba akilazimishwa angejiua. Ukitaka kujua ile kazi ilimfanya nini, usitafute mengine. Kijana wa miaka kumi na sita, mwenye akili ile, anaona kifo kina nafuu kuliko kukunja kitani miaka miwili zaidi.

Sasa, kitabu cha mtu asiyeonekana kilitoka 1897. Watu wanakumbuka kofia, bandeji na miwani myeusi. Wachache wanakumbuka kwamba Griffin, ndiye huyo asiyeonekana, akiwa uchi barabarani London wakati wa baridi, mahali anapokimbilia kujificha ni duka kubwa linalouza kila kitu, vitambaa vikiwemo. Anasubiri lifungwe. Anatuonyesha wafanyakazi wanavyoondoa bidhaa, wanavyofunika na kukunja, viti vinavyopinduliwa juu ya meza, kisha wavulana wanaoingia na ndoo, mafagio na unga wa mbao wa kumwaga sakafuni. Griffin ni mwanasayansi wa nuru, haya angeyajulia wapi? Anayesimulia pale ni kijana wa Southsea.

Na hilo la kutoonekana lenyewe. Mfanyakazi wa duka yuko mbele yako, anakupimia kitambaa, anakuita bwana, na ukitoka nje huwezi kusema alikuwa na sura gani. Wells hakuhitaji kubuni sana.

#7 Mkokoteni

Mkuu, kahawa imeisha na sasa nataka kubisha kidogo. Huyu jamaa si alikuwa na kaka zake? Walilelewa jiko lilelile, waliona soli zilezile, mama yuleyule na jehanamu yake. Waliandika nini? Maana tuna tabia hii ya kusifu shida. Mtu akifanikiwa tunasema "shida zilimfunza", na wale elfu waliozikwa na shida hizohizo hatuwahesabu.

#8 Taa ya Chemli

Umepiga penyewe. Kaka zake wawili, Frank na Fred, wote walipelekwa kwenye vitambaa kama yeye. Hawakuandika riwaya. Kwa hiyo nakubali, jiko la chini peke yake halizai mwandishi.

Tofauti ilikuwa vitabu, na vitabu vilimjia mara mbili kwa njia ya ajali: kwanza mguu, pili Uppark. Mama aliporudi kule, Bertie akawa anakaa naye katikati ya kazi moja iliyoshindikana na nyingine. Jumba lilikuwa na maktaba ya mabwana wa karne ya 18. Alimsoma Plato, akamsoma Voltaire, akasoma safari za Gulliver nzima, si ile iliyopunguzwa kwa ajili ya watoto. Kwenye chumba cha stoo juu akakuta vipande vya darubini ya zamani, akaviunganisha, na usiku mama akamkuta dirishani anautazama mwezi. Haya, mtoa hoja wa nyota, hapo nakupa pointi moja.

Lakini nyumba yenyewe ilimfundisha kuliko darubini. Kule Uppark watumishi hawakutakiwa kuonekana wakikatiza bustani. Jiko na mazizi ya farasi yalikuwa majengo ya pembeni, na kutoka huko hadi kwenye jumba kulichimbwa mahandaki, na matundu juu ya kupitisha hewa na mwanga. Chakula cha mabwana kilipita chini ya ardhi. Mabwana wako juu kwenye nyasi wanapunga upepo, na chini ya nyayo zao kuna watu wanakimbia na sahani.

Mnaona tunakoelekea?

Msafiri wa wakati anafika mwaka 802,701. Anakuta viumbe wazuri, wadogo, wavivu, wanakula matunda na kucheza bustanini: Eloi. Hakuna anayefanya kazi, lakini nguo wanazo na viatu wanavyo. Nani anashona? Kila mahali kuna visima vya ajabu visivyo na maji, na ndani yake sauti ya mitambo na hewa inavutwa kwenda chini. Huko chini wanaishi Morlock, weupe kama vitu visivyoona jua, ambao wanaendelea kuwahudumia wa juu kama mazoea ya zamani ya utumishi. Na usiku usio na mwezi wanapanda kuja kuwala.

Kisa hiki hutajwa sana kama onyo kuhusu matabaka ya viwandani, na mwenyewe ndani ya kitabu anataja njia za reli na vyumba vya kazi vya chini ya London. Sawa. Mimi nasema kabla ya viwanda kulikuwa na handaki la jikoni Uppark na jiko la Bromley. Na angalieni mwandishi amejiweka wapi: msafiri anawahurumia Eloi, anawachukia Morlock, ila anayejua harufu ya chini ni mtoto wa Morlock.

#9 Mama Wawili

Nimesoma kimya tangu asubuhi, sasa niseme. Mnamwonea huyo mama. Kila mtu anasimulia kana kwamba Sarah alikuwa adui wa kipaji. Sarah alijua nini? Mume hana kipato, watoto watatu wa kiume, na binti yake Fanny alimzika mwaka 1864, kabla huyo Bertie hajazaliwa. Kwa macho yake muuza vitambaa ni mtu safi, mwenye koti na kola, mikono haina tope. Alikuwa anampandisha mwanawe kutoka jikoni kwenda juu dukani! Ni ngazi moja tu, lakini ndiyo ngazi aliyoiona.

#10 Taa ya Chemli

Mama Wawili, nimekaa chini. Uko sahihi, na nitaongeza kituko ambacho wengi hawakijui. Tajiri aliyemwajiri Sarah pale Uppark naye hakuzaliwa juu. Bwana wa zamani wa jumba, Sir Harry Fetherstonhaugh, akiwa mzee wa miaka sabini hivi alimwoa msichana wa zizi lake la maziwa, Mary Ann Bullock, mwaka 1825. Alipofariki akamwachia mali yote. Mary Ann naye alipofariki 1874 ikaenda kwa mdogo wake Frances, ambaye Sarah aliwahi kuwa mtumishi wake enzi za ujana wao. Na Sarah ndipo alipokutana na Joseph, mtunza bustani wa hapohapo.

Kwa hiyo Bertie alikua akijua siri moja: aliye juu na aliye chini wanaweza kuwa damu ileile, kilichowatofautisha ni nani alichaguliwa. Soma tena Eloi na Morlock. Wote ni wajukuu wetu.

#11 Bint Kisiwani

Na kitabu chake cha vita vya walimwengu, kile cha wageni kutoka sayari ya Mars? Mimi hicho nimekisoma, nacho sikioni jikoni hata kidogo. Wageni wanatua na silaha za moto, wenyeji na mizinga yao hawafui dafu. Kilitoka 1898, na kwenye magazeti kilianza 1897. Mwaka mmoja kabla, Agosti 1896, manowari za Waingereza zilipiga kasri la Unguja, na kwa dakika thelathini na kitu mambo yakawa yamekwisha. Wallahi mtu wa Unguja akisoma kile kitabu hahitaji kuelezwa Mars ni nani.

#12 Taa ya Chemli

Dada, msomaji wa Unguja anayo haki yote ya kukisoma hivyo. Ila Wells mwenyewe alitaja Tasmania, kile kisiwa cha kusini mwa Australia, tusimwekee maneno. Kwenye sura ya kwanza kabisa anawaambia Waingereza wenzake: kabla ya kuwalaumu watu wa Mars, kumbukeni jinsi watu wa Tasmania walivyofutwa na wahamiaji kutoka Ulaya. Na wazo lenyewe lilitoka kwenye mazungumzo na kaka yake Frank, yule wa vitambaa, walipokuwa wakitembea wakijadili yaliyowapata Watasmania. Mkokoteni, umeona? Kaka naye mchango wake upo, hakushika kalamu tu.

Na jikoni pia ipo, ila imejificha. Wakati anakiandika Wells alikuwa anaishi Woking, mji wa kusini-magharibi mwa London, anazunguka kwa baiskeli akichagua mitaa ya kuteketeza. Nyumba nzuri za watu wenye nafasi, bustani zao, vituo vyao vya reli, anaziweka chini ya miguu ya mitambo ya Mars. Miguu mitatu, mirefu, inapita juu ya vichwa vya watu waliojificha chini ya vifusi wakichungulia kwenye upenyo. Kuna sehemu ndefu ambapo msimulizi amenaswa kwenye nyumba iliyobomoka, jikoni, anachungulia nje kwa siku kadhaa. Jikoni, dada!

#13 Bint Kisiwani

Haya nimenyamaza.

#14 Mwalimu Mstaafu

Vijana, mmezungumza vizuri, lakini mnaelekea kumaliza bila kumtaja mwalimu, na mimi sitakubali hilo.

Baada ya kutoroka Southsea kijana alipokelewa Midhurst na mwalimu mkuu yuleyule aliyemfundisha Kilatini, Horace Byatt, awe msaidizi. Byatt hakufanya hivyo kwa huruma tupu. Enzi hizo serikali ililipa shule kwa kila mwanafunzi aliyefaulu mitihani ya sayansi ya jioni. Basi akawa anaandikisha madarasa ambayo mwanafunzi wake ni Wells peke yake, anasoma vitabu mwenyewe, anakwenda kwenye mtihani, anafaulu, shule inalipwa. Wizara ikaona jina linajirudia, ikampa nafasi na posho ya ginia moja kwa wiki, yaani shilingi 21, kusoma chuo cha ualimu wa sayansi South Kensington, London, 1884. Njaa haikumwacha huko, ginia lilikuwa linaisha kabla ya wiki.

Na mwalimu wa mwaka wa kwanza alikuwa Thomas Henry Huxley, yule mtetezi mkuu wa Darwin na nadharia yake ya mageuzi ya viumbe. Mwaka mmoja tu, wa biolojia, kabla Huxley hajastaafu kwa ugonjwa. Mwaka huo ndio uliogeuza hasira za jikoni kuwa fikra. Huxley alimfundisha kwamba kiumbe hakipandi daima, kinaweza pia kushuka, na kwamba maumbile hayana ahadi na mwanadamu. Bila somo hilo Morlock wangebaki watumishi wenye chuki. Kwa somo hilo wakawa aina nyingine ya kiumbe. Na watu wa Mars wanauawa na nani? Si jeshi, bali vijidudu ambavyo miili yao haijawahi kukutana navyo. Hilo ni jibu la mwanafunzi wa biolojia kwenye mtihani.

Miaka miwili iliyofuata, fizikia na jiolojia, walimu walikuwa wa kusinzisha, naye akaharibu. Aliondoka 1887 bila shahada. Mwalimu mbaya naye anaunda mwandishi: muda wa maabara aliutumia kuanzisha jarida la wanachuo.

#15 Mkokoteni

Mwalimu, heshima yako. Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Kumbe hakuokolewa na shida, aliokolewa na mfumo wa mitihani uliokuwa na tundu, na mwalimu mkuu aliyejua kulitumia.

#16 Taa ya Chemli

Shikamoo Mwalimu. Nilikuwa nimekuwekea kipande hicho kwa makusudi, nilijua utakuja.

Namalizia na mwili wake. Mwaka huohuo wa 1887 akapata kazi ya kufundisha shule ndogo Holt, Wales. Wakicheza mpira, mwanafunzi mmoja akamchezea rafu mbaya ya kiunoni. Figo likaumia, akawa anakojoa damu, na baadaye akatema damu. Madaktari wakasema kifua kikuu. Wa miaka ishirini, hana shahada, hana pesa, na anaambiwa huenda asifike mbali. Katika kipindi cha kuuguza mwili ndipo alipoandika kisa cha kwanza cha chombo cha kusafiri kwenye wakati, kikatoka 1888 kwa vipande kwenye lile jarida la chuo. Kilikuwa kibovu, mwenyewe alikiri. Akakiandika tena, na tena, kwa miaka saba. Kati hapo akamaliza shahada ya sayansi mwaka 1890, akawa anafundisha, mpaka damu iliporudi 1893 na akaona darasani hapawezi tena. Kalamu ilikuwa kazi anayoweza kuifanya amelala.

Ndiyo maana, kwangu mimi, ukurasa mkubwa kuliko yote ndani ya kile kitabu cha 1895 hauna Morlock wala Eloi. Ni pale msafiri anapozidi kwenda mbele, zaidi ya miaka milioni thelathini, akasimama ufukweni. Jua ni jekundu, kubwa, halisogei. Kaa wakubwa aliowaona wakitambaa kituo cha nyuma wametoweka. Baridi. Kimya. Dunia inakata roho na hakuna anayelia. Yule ni kijana anayetema damu na kuhesabu miezi, akaona heri apime kifo chake kwa kipimo cha jua, labda kitapungua ukubwa.

Kifo nacho kikachelewa. Alifariki 13 Agosti 1946, miaka 79, akiwa ameviona vita viwili vya dunia na bomu la atomu, ambalo jina lake alilitumia yeye kwenye riwaya ya 1914.

#17 Kibiriti Ngoma

Mkuu swali dogo. Shule aliyosoma Bromley utotoni mwenyewe aliitwa Bwana Morley. Morley, Morlock. Au nimevuta sana?

#18 Taa ya Chemli

Umevuta, ila si wewe wa kwanza. Bwana Thomas Morley kweli alikuwa na shule pale na Bertie alisoma kwake. Jina kufanana ni kufanana tu. Mtu akileta maandishi ya Wells mwenyewe akisema hivyo, nitafuta kauli.

#19 Mama Wawili

Mtu aanze na kipi? Nina kijana wa kidato cha tatu hapa, anapenda simu kuliko chakula.

#20 Taa ya Chemli

Mpe cha mashine ya wakati, ni kifupi, atakimaliza kwa siku mbili. Asiyeonekana kifuate. Wewe mwenyewe, mama, tafuta Kipps cha 1905. Hakina sayansi hata kidogo, ni kijana wa duka la vitambaa anayerithi pesa na hajui azishike vipi. Halafu Tono-Bungay cha 1909, utamkuta mama wa msimulizi ni msimamizi wa watumishi kwenye jumba kubwa. Jina la jumba amelibadilisha, lakini ni Uppark ileile.

#21 Fundi Cherehani

Nimekitafuta hicho cha asiyeonekana, nimeruka moja kwa moja hadi ile sura ya dukani, mtanisamehe. Yule jamaa anashangaa wafanyakazi wanavyoondoa bidhaa haraka, na kwamba kila anayemaliza anaelekea mlangoni na uchangamfu ambao ni nadra sana kuuona kwa mtu wa dukani. Nimecheka mpaka mteja kaniuliza kulikoni. Sisi unga wa mbao hatukuwa nao, tulinyunyiza maji. Lakini mwendo ule wa kwenda mlangoni ndio uleule.